Je, Ni Halali Kucheza Mateso ya Mtoto?



Tunapofundishwa amri ya nne ya Mungu, twakumbuka upesi kwamba mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu baba yake na mama yake. Upande wa pili wa amri hiyo twausahau kwa urahisi zaidi, kwamba mzazi naye ana wajibu kwa mtoto wake, na bwana wa kazi ana wajibu kwa mdogo aliye chini ya mkono wake. Leo nataka tuutazame upande huo wa pili, tukianzia mahali ambapo pengine hamkutazamia, yaani katika nyumba ya makumbusho.

Huko Ulaya na Marekani, na kwetu pia mjini Lubumbashi na Kinshasa, ziko nyumba za namna hiyo. Ndani yake vimewekwa vitu vya wazee wa kale, ngoma, vinyago, majembe, nguo, mashine zilizoacha kufanya kazi, ili waliozaliwa baadaye wapate kujua maisha ya waliotangulia. Zamani mgeni aliruhusiwa kutazama tu. Kitu kilikuwa nyuma ya kioo, na mlinzi alisema, Usiguse! Siku hizi wenye nyumba hizo wameona kwamba mtoto hufundishika zaidi kwa mikono yake kuliko kwa macho, na kwa hiyo wameigeuza desturi ile. Mtoto anaambiwa, gusa, vuta, beba, vaa, jaribu mwenyewe. Shauri hilo si baya. Sisi wenyewe humfundisha mtoto kufanya ishara ya msalaba kwa mkono wake kabla hajaweza kueleza fumbo la Utatu Mtakatifu.

Lakini ziko nyumba za makumbusho ambazo habari yake ni kazi ngumu walizofanyishwa watoto. Baba, mama na watoto wao huenda huko pamoja siku ya mapumziko, wakiwa wameshiba na kuvaa vizuri. Humo mtoto hupewa kikapu kizito ajaribu kukibeba, au huambiwa atambae katika tundu jembamba kama tundu la mgodi. Hutambaa, hucheka, hutokea upande wa pili na magoti yenye vumbi, naye huomba kurudia. Basi nauliza: Je, ni halali kumpa mtoto mwenye furaha mchezo uliotengenezwa kwa machozi ya mtoto mwingine? Na ikiwa ni halali, mchezo huo ufanywe namna gani hata moyo upate faida na marehemu asidharauliwe?

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Katika nchi ya Uingereza, karibu na mji wa Manchester, kiko kijiji kinachoitwa Styal. Mwaka 1784 tajiri mmoja, Samuel Greg, alijenga hapo kando ya mto kiwanda cha kusokota pamba, nacho chaitwa Quarry Bank. Maji ya mto yaligeuza gurudumu, na gurudumu likageuza mashine. Mashine zilihitaji mikono midogo na myepesi, nayo mikono ya watoto ilikuwa rahisi kupatikana. Katika miji ya Uingereza wakati ule zilikuwako nyumba za maskini, ambamo yatima na watoto wa wazazi fukara walilishwa kwa fedha za watu wa mtaa, na watu hao walifurahi kupunguziwa mzigo. Mtoto aliandikiwa mkataba akapelekwa kiwandani kuwa mwanagenzi kwa miaka mingi, apate chakula, nguo na mahali pa kulala, pasipo mshahara wa kweli. Mwaka 1790 Greg aliwajengea wanagenzi nyumba yao. Walikaa humo watoto karibu 90, wasichana wengi kuliko wavulana. Walifanya kazi muda wa saa 12 hivi kila siku, siku sita za juma, na Dominika walipelekwa kusali.

Nyumba hiyo ingalipo. Mwaka 1939 jamaa ya Greg walikitoa kiwanda na mali ile iwe chini ya chama kinachotunza mambo ya kale, na leo jamaa za watu huenda kuitembelea. Mashine za kiwandani huwashwa kidogo ili wageni wasikie kishindo chake. Katika nyumba ya wanagenzi wageni huonyeshwa vyumba vya kulala, jiko, bustani ya mboga, na dawa walizonyweshwa watoto wagonjwa.

Sasa sikilizeni habari ya wawili kati ya watoto wale. Mwaka 1806 wavulana wawili, Joseph Sefton wa miaka 17 na Thomas Priestley wa miaka 13, walitoroka Styal wakaenda kwa miguu mpaka London, mwendo wa karibu kilometa 300. Walipokamatwa walihojiwa mbele ya waamuzi, na maneno yao yaliandikwa, ndiyo maana twayajua. Sefton alieleza chakula chao na vitanda vyao, wala hakumlaumu bwana wake kwa ukatili. Priestley alieleza jinsi gurudumu la mashine lilivyokamata kidole chake na kukikata. Tena wote wawili walitaja neno moja lililo rahisi kabisa: walitamani kumwona mama.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya shauri hili lote. Tuseme mtoto wa leo anaambiwa, lala kidogo juu ya godoro la majani walilolalia wanagenzi, uone lilivyokuwa. Naye analala. Lakini mama yake amesimama kando ya kitanda, anatabasamu, labda ameshika koti lake. Kile kitu kimoja ambacho Priestley alitembea kilometa 300 kukitafuta, mtoto huyu anacho pale pale. Ameonja godoro, ugumu wa ubao, na pengine harufu ya majani. Shida yenyewe hakuigusa hata kidogo, na hatari ni kwamba anatoka akidhani ameijua. Hivyo pia katika lile tundu la mgodi. Waweza kumwonyesha mtoto giza. Waweza kumwonyesha wembamba wa njia. Huwezi kumwonyesha kwamba hana ruhusa ya kutoka, maana ruhusa anayo. Uchovu wa mwaka wa tatu hauonjwi kwa dakika tatu.

Mtu mmoja atanijibu: "Basi, mambo haya yasichezwe kabisa. Yaandikwe ukutani, watu wasome, watu wanyamaze." Jibu hilo lina heshima, lakini siwezi kulikubali. Mtoto mdogo hasomi ukuta. Tena Eklezia, aliye mwalimu wa siku nyingi kuliko nyumba zote za makumbusho, hakukataa kuwashirikisha waamini katika mateso kwa sauti na kwa miguu yao. Ila angalieni jinsi anavyofanya.

Ninyi mmehudhuria Dominika ya Matawi, nanyi mmesikia Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu yakisomwa kwa sauti za watu wengi. Maneno ya Bwana husomwa na padri. Mwingine husimulia. Nasi watu wote tuliosimama kanisani na matawi mikononi, tumepewa maneno ya nani? Hatukupewa maneno ya Yezu, wala ya Mama Bikira Maria, wala ya Yohane aliyesimama chini ya msalaba. Tumepewa maneno ya umati. Sisi ndio tunaodai kwa sauti kubwa asulubiwe. Kila mwaka wako wanaouliza kwa uchungu kwa nini wao wanaompenda Yezu watamke neno baya namna ile. Uchungu huo ndio mafundisho yenyewe. Eklezia hatuambii, jifanyeni kama mmepigwa misumari. Atuambia, simameni mahali ambapo mlikuwa kweli, kati ya watu waliopiga kelele, waliotazama, waliokimbia, au katika Njia ya Msalaba pamoja na Simoni wa Kirene aliyelazimishwa kusaidia. Mateso ni ya Bwana. Yetu ni jibu tulilompa.

Kwa kipimo hicho napenda kuzipima nyumba za makumbusho zinazofundisha habari za kazi za watoto. Mchezo unaomweka mgeni mahali pa mtoto mteswa humdanganya, ijapokuwa waliouunda walikuwa na nia njema. Mchezo unaomweka mahali pa wakubwa waliomzunguka mtoto yule, huo waweza kumgusa. Yuko karani wa nyumba ya maskini aliyetia sahihi. Yuko msimamizi aliyeshika saa. Yuko bwana wa kiwanda mwenye daftari la hesabu, na mama aliyebaki London, na mwanamke aliyekwenda dukani akafurahi kwamba kitambaa kimeshuka bei. Daftari lenyewe liwekwe mezani. Mashine imeharibika, kazi imechelewa, mnunuzi anangoja. Je, watoto wafanye kazi saa moja zaidi jioni hii? Baba wa jamaa aketi kitini akate shauri, na watoto wake wamesimama wakimtazama. Halafu asiulizwe na sauti ya mashine. Aulizwe na mtoto wake mwenyewe: Baba, kwa nini ulisema ndiyo?

Tena mchezo kama huo usiwe na mshindi, wala zawadi, wala hesabu ya pointi. Wala jibu jema lisiwe rahisi mno. Ukikataa kumpokea mtoto kiwandani, anarudi katika nyumba ya maskini. Ukimpumzisha, jirani yako mwenye kiwanda atauza kwa bei ndogo kuliko wewe. Mambo hayo hayaondoi dhambi, lakini ndiyo njia ambayo dhambi ilipitia, nayo hupita hapo mpaka leo. Greg huyo huyo, ambaye wengi walimsifu kuwa bwana mwema kuliko wenzake, alikuwa na shamba la watumwa katika kisiwa cha Dominica. Na pamba iliyofika katika viwanda vya Uingereza siku zile, sehemu kubwa ilivunwa na watumwa, watu wa asili ya Afrika hii yetu. Mgeni aliyeketi kwenye daftari lile apaswa kukuta ukurasa huo pia.

Liko jambo jingine ambalo mwenye kujenga kumbukumbu hana budi kuliogopa, nalo nitalieleza kwa mfano wa jiwe moja. Katika jimbo la Yorkshire, huko huko Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Silkstone. Tarehe 4 Julai 1838 ilinyesha mvua kubwa ya radi juu ya mgodi wa makaa wa Huskar. Maji yalizima moto wa mashine iliyowapandisha watu kutoka chini. Watoto waliokuwa mle ndani walichoka kungoja. Wengi wao wakaelekea njia ya pembeni iliyotoka nje, wakapita mlango uliowekwa kuongoza hewa. Kijito cha nje kikafurika, maji yakaingia kwa nguvu, yakawasukuma nyuma juu ya mlango ule, nao haukufunguka tena. Walikufa maji watoto 26, wasichana 11 na wavulana 15. Mdogo kati yao alikuwa na miaka 7.

Baada ya miaka michache jiwe la ukumbusho lilisimamishwa katika uwanja wa kanisa la kijiji, likaandikwa majina yao na umri wao. Hilo ni jema. Lakini jiwe lile lasema kwamba Bwana ndiye aliyetuma ngurumo na mvua, nalo lamwonya msomaji ajitayarishe kwa hukumu. Juu ya mtu aliyempeleka mtoto wa miaka 7 chini ya ardhi, jiwe halina neno. Ngurumo imetajwa, bwana wa mgodi hakutajwa kuwa na kosa. Naona haya kulisimulia, kwa sababu nasi twalijua sana neno hilo. Shimo likiporomoka juu ya wachimbaji, hata huku kwetu, utasikia kwenye kilio: ni mapenzi ya Mungu. Ndugu, amri ya pili yatukataza kulitaja jina la Mungu bure, na sijui matumizi mabaya ya jina lake yanayozidi kumbandika Yeye deni la mtu mwingine. Mvua ilitoka mbinguni, kweli. Mtoto kuwa chini ya mvua ile mgodini, hilo lilitoka katika daftari la hesabu.

Wengine hawakuridhika na jiwe. Serikali ya Uingereza ilifanya uchunguzi katika migodi, na mwaka 1842 taarifa yake ilichapishwa pamoja na picha zilizochorwa, zikionyesha watoto wakivuta magari ya makaa kwa mnyororo uliofungwa kiunoni. Watu wa mjini, waliokuwa wakiota moto wa makaa hayo kila siku, waliona kwa mara ya kwanza moto wao unakotoka. Mwaka ule ule sheria ilikataza wanawake na wasichana wote, na wavulana wasiofikisha miaka 10, wasifanye kazi chini ya ardhi. Picha zile hazikumwambia mtazamaji ajifanye mtoto. Zilimwonyesha kitu kilichokuwa tayari nyumbani mwake.

Pengine mmoja wenu ananung'unika moyoni: "Mimi pia nilimtuma mwanangu asubuhi kuchota maji, na kesho tunakwenda naye shambani. Je, nami nitawekwa katika nyumba hiyo ya aibu?" La hasha. Jambo hili wageni wengi wanalikosea, na nyumba ya makumbusho iliyotengenezwa na watu wasiotujua yaweza kulikosea vibaya, ikapanga katika ukuta mmoja picha ya mtoto anayetwanga na mama yake na picha ya mtoto anayebeba gunia la mawe, kana kwamba ni habari moja. Bwana wetu alifanya kazi utotoni. Watu wa Nazareti walimjua kuwa mwana wa seremala, na Injili yatuambia kwamba alikuwa chini ya utii wa Maria na Yozefu, akikua katika hekima na kimo na neema. Mtoto anayejifunza jembe kando ya baba yake hukua kwa kazi ile. Hupewa jembe la kimo chake. Akichoka, huambiwa akae kivulini. Jioni hula alichokivuna, na shule ikifunguliwa huenda. Mtoto anayeharibiwa na kazi, mapato ya jasho lake ni ya mwingine, uchovu wake hauulizwi, na akiumia anatafutwa wa kuchukua nafasi yake. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alikataza watoto wasiingizwe viwandani kabla mwili na akili zao hazijakomaa, maana mche mchanga ukipigwa na baridi kali hauzai tena. Mataifa nayo, katika mapatano yao ya mwaka 1999 juu ya aina mbaya kabisa za kazi za watoto, yaliitenga kazi inayodhuru afya, usalama na tabia njema ya mtoto, wala hayakuikataza kazi ya nyumbani ya kumsaidia mzazi.

Hata mtoto anayejifunza ufundi kwa mtu mwingine aweza kulindwa. Mjini Torino, katika miaka ya 1851 na 1852, Mtakatifu Yohane Bosko aliandika mikataba kwa ajili ya vijana wake waliokwenda kujifunza ufundi kwa mabwana. Bwana alipaswa kuahidi kumrudi kijana kwa maneno na si kwa mapigo, kutompa kazi zisizo za ufundi wake, na kumwachia Dominika. Padri naye alitia sahihi. Kama ningeombwa kitu kimoja cha kuweka mbele ya jamaa katika nyumba ya makumbusho, ningechagua karatasi hizo mbili zilazwe bega kwa bega, mkataba wa mwanagenzi wa Styal na mkataba wa kijana wa Torino, baba na mwana wazisome pamoja wakitafuta tofauti. Hakuna mashine itakayofundisha zaidi.

Lakini sasa tuje kwetu, maana ni rahisi kuhukumu Waingereza waliokufa. Mwaka 1914 ungali mbali na mwaka 2014, na katika mwaka huo wa 2014 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo yetu, wengi wao katika kobalti. Kobalti ni madini yanayotiwa katika betri za simu na za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote hutoka katika nchi yetu. Watoto hao huokota mawe katika mabaki ya migodi, huyaosha mtoni, hubeba magunia yanayozidi nguvu zao. Wengine hushuka mashimoni. Mgeni wa Ulaya anayeondoka Styal akiona huruma kwa ajili ya Thomas Priestley, mfukoni mwake mna simu. Na mimi ninayeandika, na katekista atakayewasomea karatasi hii, pengine tunayo pia.

Kwa hiyo nyumba ya makumbusho inayosema, tazameni jinsi watoto walivyoteswa zamani, namshukuru Mungu siku hizo zimepita, inafundisha uongo hata kama kila kitu ndani yake ni cha kweli. Mlango wa kutokea ndio mahali pa maana kuliko vyumba vyote. Hapo mgeni asikute duka la vikumbusho kwanza. Akute meza yenye kipande cha jiwe lenye kobalti, aulizwe kwa upole kilicho mfukoni mwake.

Je, picha za watoto wetu wa Kolwezi ziwekwe hapo? Hapa nasita. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walichukuliwa Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho huko Tervuren ili watu wawaangalie, na saba kati yao walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la mji ule. Waliowaangalia walisema nao kwamba wanajifunza. Mtu akionyeshwa bila kuulizwa, naye hana neno lake mwenyewe, huwa kitu. Najua pia mfano ulio kinyume. Kuanzia mwaka 1908 huko Marekani mpiga picha Lewis Hine alizunguka katika viwanda na migodi akiwapiga picha watoto wafanyao kazi. Aliwauliza majina, umri, na kazi zao, akaandika kwa siri mkono ukiwa mfukoni, na kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya koti lake mwenyewe. Kwa hiyo katika picha zake mtoto anakutazama, nawe wajua anaitwaje na alipwa nini. Picha hizo zilisaidia kubadili fikira za watu, ingawa sheria ya nchi nzima haikusimama imara mpaka mwaka 1938. Aliyekwisha kufa zamani, kumwita kwa jina ni kumheshimu. Mtoto aliye hai leo, anayeweza kuchekwa na wenzake au kupigwa na mwenye shimo, huyo alindwe jina lake na uso wake, na maneno yake yawekwe tu kama yeye na wazazi wake wamekubali kwa kuelewa. Afadhali ukuta wenye pengo kuliko ukuta wenye mtoto aliyeibiwa mara mbili.

Wala tusidhani kwamba kumtoa mtoto mgodini ndio mwisho wa shauri. Masista wa Mchungaji Mwema wanaofanya kazi Kolwezi hawakufungua shule tu. Waliwafundisha na mama zao njia nyingine za kupata riziki, kwa sababu mtoto aliyetolewa shimoni jioni atauliza chakula. Jambo hilo nalo liingie katika mchezo wa makumbusho. Baba aliyeketi penye daftari, akisema kwa haraka, wafukuzeni watoto wote kazini, afungue ukurasa unaofuata aone nyumba walikorudi.

Sisi hatuna nyumba ya makumbusho kijijini. Tuna kanisa la matofali, tuna uwanja, na tuna vijana wapendao kuigiza. Tarehe 28 Desemba Eklezia hukumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, na katika misioni nyingi vijana hufanya mchezo siku hiyo. Nawaomba wakatekumeni watakaoutengeneza mwaka huu waweke pia shimo la mgodi, bila mtoto yeyote kuingizwa ndani yake. Shimo liachwe tupu katikati ya uwanja, na gunia kando yake. Walio pembeni ndio wasemao: baba mwenye deni, mwenye mizani anayepunja uzito, mnunuzi aliyetoka mbali, askari aliyetazama kando, jirani aliyejua akanyamaza. Kila mmoja aulizwe na watazamaji, naye ajibu kwa maneno yake, si kwa maneno aliyoandikiwa. Nafasi ya mnunuzi haitapendwa na mtu, kwa hiyo mwaka wa kwanza katekista aichukue mwenyewe, na simu yake aishike mkononi.